NAMBA 9975 HAIMO
Mama wa ndagala, karani wa soko na mipaka ya namba katika kompyuta

Asubuhi moja, katika soko mojawapo la mji wetu wa Bujumbura ambalo hatutalitaja kwa jina, tulimkuta mama mmoja, muuzaji wa ndagala, amesimama mbele ya meza ya karani. Mkononi alishika stakabadhi ya ushuru iliyokunjwa mara nne, yenye harufu ya biashara yake. Namba yake ilisomeka vizuri: 9975. Karani, kijana mwenye adabu, alikuwa ameiandika namba hiyo katika kompyuta mara tatu, na mara zote tatu kompyuta ilimjibu kwamba hakuna kitu kama hicho.

"Mama, namba hii haimo," alisema karani. "Itabidi ulipe tena, na hii tuibakize hapa kwa uchunguzi."

"Mwanangu," alijibu yule mama, "karatasi hii nilipewa hapa hapa, na mhuri wenu huu hapa. Kama haimo humo ndani, mimi niliitoa wapi?"

Ndugu msomaji, neno "uchunguzi" linapotamkwa sokoni mbele ya watu, mtu huwa amekwisha kuhukumiwa nusu. Wenzake waliokuwa katika foleni walianza kumtazama kwa jicho la pembeni. Sisi tulikuwa tumepita hapo kununua samaki tu, wala hatukuwa na mamlaka yoyote juu ya ofisi ile. Hata hivyo tulimwomba karani, kwa heshima, atuoneshe daftari la zamani la karatasi, lile lililotumika kabla ya kompyuta na ambalo bado lilikuwa likijazwa kwa tahadhari. Alilifungua bila kinyongo. Ukurasa wa tatu tu tuliona mstari ulioandikwa kwa kalamu ya bluu: kitabu cha stakabadhi kuanzia 9951 hadi 10000, kimekabidhiwa kwa mtoza ushuru fulani, tarehe na sahihi. Namba 9975 imo katikati kabisa ya kitabu hicho. Tulipoutafuta mstari huo katika kompyuta tuliukuta nao, umeandikwa vile vile, bila kosa hata la tarakimu moja.

Basi kompyuta ilikuwa na jibu, lakini haikuliona. Jambo hilo lilitusumbua kiasi kwamba tulirudi siku ya pili pamoja na rafiki yetu mmoja anayefundisha kazi za kompyuta, na yale aliyotufafanulia ndiyo tunayotaka kuyasimulia hapa, kwa sababu hayahusu soko moja tu.

Kwanza ifahamike ni kwa nini kompyuta haikuandikiwa kila stakabadhi peke yake. Vitabu vya stakabadhi vya soko lile vina karatasi 50 kila kimoja. Tuseme zinatolewa stakabadhi 200,000. Ukiandika kila moja kwa mstari wake, una mistari 200,000 ya kuandika, kusahihisha na kutunza. Lakini ukiandika kila kitabu kwa namba yake ya kwanza, namba yake ya mwisho na jina la aliyekabidhiwa, una mistari 4,000 tu. Mfululizo mzima wa namba umebebwa na ncha zake mbili, kama kamba inavyojulikana urefu wake kwa kuvutwa huku na huku. Namba za katikati hazikuandikwa popote. Zipo kwa sababu ncha zipo.

Faida hiyo ni kubwa, na ndiyo sababu ulimwengu mzima unaitumia. Namba za simu za Burundi zina tarakimu nane, na za mezani za mji wa Bujumbura huanza na 22. Namba zote zinazoanza na 22, milioni moja kamili, zaweza kutunzwa kwa mstari mmoja: kuanzia 22000000 hadi 22999999. Kadhalika anwani za intaneti, ambazo kila mtambo uliounganishwa unazihitaji, hugawiwa kwa mifululizo. Shirika la AFRINIC lenye makao yake Mauritius, ambalo lilitambuliwa rasmi mwaka 2005 kuwa mgawaji wa anwani hizo kwa Afrika, lilikabidhiwa mwaka huo huo mfululizo unaoanzia 41.0.0.0 hadi 41.255.255.255. Humo mna anwani 16,777,216, na mstari wake katika daftari ni mmoja.

Lakini mwenye kutunza ncha tu amejifunga kwa sharti moja: lazima mipangilio ya namba ieleweke sawasawa, yaani ipi ni kubwa na ipi ni ndogo. Hapo ndipo soko letu lilipokwama.

Aliyetengeneza programu ile alikuwa ameweka namba za stakabadhi katika safu ya maandishi, si katika safu ya namba. Kwa jicho la binadamu hakuna tofauti. 9975 ni 9975. Kwa kompyuta tofauti ni kubwa. Maandishi hupangwa kama maneno ya kamusi: hutazamwa herufi ya kwanza, zikilingana ya pili, na kuendelea, bila kujali urefu wa neno. Ndiyo maana katika kamusi "baharia" hutangulia "simu" ijapokuwa ni neno refu zaidi. Kwa kanuni hiyo, 10000 hutangulia 9951, maana moja hutangulia tisa, na shauri limekwisha. Hivyo kile kitabu cha kuanzia 9951 hadi 10000 kilikuwa, machoni pa kompyuta, kimekwisha kabla hakijaanza. Hakuna namba yoyote duniani ambayo ingeweza kuingia ndani yake. Stakabadhi 50 halali zilikuwa zimefutika kimya kimya, na ya yule mama ilikuwa mojawapo.

Tuliuliza mbona kosa hilo halikuonekana tangu mwanzo. Jibu lilikuwa rahisi, na la kutisha kidogo. Daftari la kompyuta lilianzia stakabadhi namba 5001. Kutoka hapo hadi 9950 namba zote zilikuwa na tarakimu nne, na namba zenye urefu uleule hupangika sawa ziwe maandishi au ziwe namba. Kosa lilikaa limelala miezi mingi likisubiri tarakimu ya tano. Na lisingeishia hapo. Stakabadhi zilizofuata, za kuanzia 10001, zilikubaliwa tena bila taabu, kwa hiyo kila mtu angedhani mambo yametengemaa. Lakini siku ambayo soko lingefikia 50010, kompyuta ingeiweka pia ndani ya kitabu cha kuanzia 5001 hadi 5050, kwa kuwa katika kamusi 50010 huja baada ya 5001 na kabla ya 5050. Mtoza ushuru aliyekabidhi hesabu zake zamani angeulizwa habari za fedha asizozipokea.

Ugonjwa huo huo huzishika anwani za intaneti zikitunzwa kama maandishi, maana 197 itatangulia 41. Dawa ni kugeuza anwani kuwa namba moja. 41.0.0.0 huwa 687,865,856, na 41.255.255.255 huwa 704,643,071. Baada ya hapo kulinganisha ni hesabu ya kawaida. Kwa soko letu dawa ilikuwa nyepesi zaidi: kuibadili safu ile iwe ya namba. Na pale ambapo sifuri za mwanzo zina maana yake, kama katika baadhi ya namba za vitambulisho, maandishi yaweza kubaki maandishi, ilimradi yote yajazwe sifuri hadi yalingane urefu: 09951, 09975, 10000.

Safu iliporekebishwa, tulitaka kujua kompyuta huitafutaje namba ambayo haikuandikwa. Rafiki yetu alitueleza kwamba vitabu hupangwa kwa namba za kwanza, kisha kompyuta hufungua katikati ya orodha na kuuliza: namba ninayoitafuta iko kabla ya hapa au baada? Nusu moja hutupwa. Nusu iliyobaki hugawanywa tena. Kwa vitabu 4,000 haihitaji kugawanya zaidi ya mara 12 ili kukifikia kitabu kimoja. Ni njia ambayo Mmarekani John Mauchly aliitaja katika mihadhara yake ya mwaka 1946, na ambayo karani yeyote mwenye daftari lililopangwa huitumia bila kufundishwa. Kinachotafutwa ni kitabu cha mwisho kati ya vile vilivyoanza kabla ya namba yetu au kwenye namba yetu yenyewe. Kikipatikana, hutazamwa ncha yake ya mwisho. Kama namba yetu haijaipita, tumempata mwenyewe. Kama imeipita, hapo ndipo kompyuta ina haki ya kusema "haimo".

Programu nyingi hazifanyi hivyo. Huulizwa swali la ncha mbili kwa pamoja: nipe kila mstari ambao mwanzo wake si mkubwa kuliko namba hii na mwisho wake si mdogo kuliko namba hii. Swali ni sahihi na jibu litakuwa sahihi, lakini faharasa ya kompyuta inajua mwanzo tu. Kwa hiyo ikitafuta namba iliyo mwishoni mwa daftari, huenda ikapitia karibu mistari yote iliyotangulia ili kuichuja kwa ncha ya pili. Kwa mistari 4,000 hakuna atakayeona tofauti. Kwa mamilioni, foleni itafika barabarani.

Sasa tuingie katika mpaka wenyewe. Sisi tuliopitia chuo cha makadeti tulijifunza jambo hili si kwa kompyuta bali kwa baridi ya usiku. Zamu ya kwanza ya lindo ni kuanzia saa mbili hadi saa sita, ya pili ni kuanzia saa sita hadi saa kumi na mbili. Saa sita kamili, mlinzi ni nani? Ukisema ni wote wawili, kila mmoja atamtegemea mwenzake. Ukisema si yeyote kati yao, lango halina mtu. Mkufunzi wetu alikuwa na jibu moja lisilojadiliwa: saa sita ikigonga, lindo ni la anayeingia. Zamu humiliki mwanzo wake, haimiliki mwisho wake.

Mtaalamu wa Kiholanzi Edsger Dijkstra aliandika mwaka 1982 akitetea utaratibu huo huo kwa hesabu za kompyuta: mfululizo utajwe kwa mwanzo unaoingia ndani na mwisho unaobaki nje. Faida zake ni za wazi. Mwisho wa mmoja ndio mwanzo wa mwingine, hakuna ufa wala kugongana. Na ukitoa mwanzo kutoka mwisho unapata hesabu ya vilivyomo. Kitabu chetu kingeandikwa 9951 hadi 10001, na tofauti ni 50, idadi halisi ya karatasi. Kwa vitabu vya stakabadhi tunakiri kwamba wananchi hawatapenda kuona 10001 katika kitabu kisicho na karatasi hiyo, na si vibaya kuacha ncha zote mbili ndani. Lakini kuna mahali ambapo ufa ni hatari.

Chukua kodi ya mishahara. Sheria ya kodi ya mapato ya Burundi ya mwaka 2013 iliweka madaraja matatu kwa mshahara wa mwezi: hadi faranga 150,000 hakuna kodi; kuanzia 150,001 hadi 300,000 ni asilimia 20; na zaidi ya 300,000 ni asilimia 30. Kila daraja hutoza sehemu yake tu, kwa hiyo mwenye kupata 400,000 hulipa 30,000 kwa daraja la pili na 30,000 nyingine kwa la tatu, jumla 60,000. Binadamu akiisoma sheria hiyo haoni tatizo. Lakini mwandishi wa programu akiyanakili madaraja hayo neno kwa neno, halafu baada ya makato ya kila namna mfanyakazi akabakiwa na kiasi cha kutozwa kodi cha faranga 150,000 na sehemu kumi nne za faranga, yuko wapi? Amepita 150,000 na hajafika 150,001. Amesimama katika ufa. Kodi anayodaiwa ni sehemu nane tu kati ya mia za faranga moja, kitu kisichonunua hata punje ya mahindi. Lakini programu isipopata daraja huenda isitoe hesabu kabisa, na mtu huyo siku ya mshahara akaambiwa kama mama wa ndagala: haumo.

Daraja la juu nalo lina mtego wake, kwa kuwa halina mwisho. Wapo wanaoandika 999,999 wakidhani ni mbali sana. Anayeijua faranga yetu anajua kwamba mbali ya leo ni karibu ya kesho. Ni heri kuiacha ncha hiyo wazi kwa alama maalumu, au kutunza mwanzo wa kila daraja peke yake, na mwisho ujulikane kwa mwanzo wa linalofuata.

Limebaki jambo la mifululizo inayopandana. Kwa vitabu vya stakabadhi kupandana ni kosa au ni wizi, hakuna la tatu. Namba moja haiwezi kuwa mikononi mwa watoza ushuru wawili. Mwaka 1983 James Allen alionesha kwamba vipindi viwili vyaweza kuhusiana kwa namna 13: kimoja kutangulia, kugusana, kupandana, kuwa ndani ya kingine na kadhalika. Mlinzi wa daftari hahitaji kuzikariri zote. Anahitaji swali moja: je, cha kwanza kimeanza kabla cha pili hakijaisha, na cha pili kimeanza kabla cha kwanza hakijaisha? Jibu likiwa ndiyo mara mbili, vimepandana. Zipo siku hizi hifadhidata zinazouliza swali hilo zenyewe wakati wa kuandika. PostgreSQL, ambayo hutolewa bila malipo, ilipewa mwaka 2010 uwezo wa kukataa mistari inayogongana, na mwaka 2012 ikapewa aina maalumu ya safu inayobeba mfululizo mzima na ncha zake. Mstari wa pili ukigongana na wa kwanza hukataliwa palepale, mwenye kosa angali mezani.

Lakini si kila kupandana ni kosa. Nenda bandarini kwetu hapa, ambako meli na majahazi hufika kutoka Kigoma, Mpulungu na Kalemie. Kila chombo kina siku ya kufika na siku ya kuondoka, na tarehe kwa kompyuta ni namba tu. Tuulize: tarehe 15 Agosti zilikuwapo meli zipi? Ile mbinu ya kumtafuta aliyeanza mwisho itatupa meli iliyofika tarehe 14, na itaisahau kabisa ile iliyofika Januari, ikaharibika injini na kukaa gatini hadi Septemba. Chombo kimoja kilichokawia kinaharibu utaratibu mzima.

Kwa tatizo hilo Herbert Edelsbrunner na Edward McCreight, kila mmoja kwa upande wake, walipata mwaka 1980 mpangilio unaofanana na mti. Huchaguliwa siku ya katikati. Meli zote zilizokuwapo siku hiyo huwekwa shinani. Zilizoondoka kabla yake huenda tawi la kushoto. Zilizofika baadaye huenda la kulia. Na kila tawi hugawanywa vivyo hivyo. Mwenye kuuliza habari za Agosti hupita shinani kwanza, na humo ataikuta ile meli ya Januari; kisha hufuata tawi moja tu na kuliacha lingine zima bila kuligusa. Tuliupenda mti huo kwa sababu haumsahau aliyekaa muda mrefu.

Turudi sokoni. Safu iliporekebishwa, karani aliandika tena 9975, na jina la mtoza ushuru likatokea mara moja. Mama alikunja stakabadhi yake mara nne kama ilivyokuwa na kuitia katika fundo la kitenge. "Sasa imo?" aliuliza. Aliambiwa imo. "Jana pia ilikuwamo," alisema, akaenda kwenye meza yake.

Rafiki yetu akalipeleka kwa kompyuta lile swali la kupandana, kwa daftari zima. Ilitoa jozi moja: vitabu viwili vyenye namba 12401 hadi 12450, kwa watoza ushuru wawili tofauti. Kijana mmoja kati ya hao alikuwa tayari ameandikiwa barua ya kujieleza. Daftari la karatasi lilionesha kwamba kitabu chake kilikuwa 12451 hadi 12500, na kwamba aliyepiga chapa alikosea ncha zote mbili kwa kunakili mstari wa juu. Barua ilirudishwa.

Karani hakufurahi kama tulivyodhani. Alichukua kalamu na karatasi nyeupe akaanza kuandika 9951, 9952, 9953, akishuka taratibu, maana alikumbuka kwamba wiki ile kabla yetu kulikuwa na wengine wawili waliokuja na namba za kitabu hicho, wakaambiwa hazimo, nao hawakubisha. Walilipa mara ya pili na kwenda zao.